Fundo la Robota na Baiskeli za Mapacha

Leo nimeadhirika. Mchana kweupe, Magomeni, mbele ya turubai lililojaa watu ninaowajua wote kwa majina. Naandika mwenyewe, kwa kidole changu kimoja, kabla video haijawafikia. (Aliyerekodi ni Mwajuma mke wa Seif. Mwajuma, nimekuona, na simu yako nimeiona.)

Naomba mnisikilize toka mwanzo. Mkianzia kwenye video mtaona mwisho peke yake, na ule mwisho haunitendei haki hata kidogo.

Wajukuu zangu Kulwa na Dotto, mapacha wa binti yangu Asha, leo walikuwa wanahitimu Kurani. Wasichana wa miaka kumi, wameimaliza yote! Siku walipoanza chuo cha Kurani niliwaahidi: siku ya kuhitimu, kabla hamjakaa mkekani kusoma mbele za watu, mtaziona baiskeli zenu mlangoni. Mbili. Kila mtu na yake. (Pacha hapewi kitu kimoja akaambiwa agawane na mwenzake. Aliyelea pacha anavijua vita vyake.) Basi miaka yote hiyo watoto wameamka alfajiri, baridi na mvua, wakiiwaza ahadi ya bibi. Ikichelewa utawatazamaje?

Sasa yuko mkwe mwenzangu, Bi Shamsa, bibi yao wa upande wa baba. Mwarabu wa Kariakoo, ana duka la vitambaa, mkono wazi, roho nzuri. Mdomo tu. Jana tukichambua mchele wa pilau kwa Asha akaniuliza, mbele ya wanawake wote:

"Dada Mwanahawa, nikuitie kirikuu cha mizigo kikazibebe hizo baiskeli? Juu ya kigari cha Shomari zitafika vipande."

Nikaweka ungo chini.

"Shamsa, zitafika bila mkwaruzo. Kesho uzungushe kidole chako hicho chenye pete, ukiona mkwaruzo mmoja useme mbele za watu."

"Haya dada. Kidole ninacho."

Mnaona? Nilikuwa nimeshachokozwa.

Na si kwamba nilijigamba bure. Mimi nimefunga marobota kwenye ghala la vitambaa Kariakoo toka Asha akiwa mgongoni. Vitenge, khanga, mashuka. Robota nililofunga mimi lilikwenda Tabora, lilikwenda Songea, likanyeshewa, likarushwa na makuli, likafika kama lilivyoondoka. Shule niliishia darasa la tatu, lakini fundo langu lina digrii. Na ghalani tulikuwa na sheria mbili. Ya kwanza: fundo likae karibu na tumbo la mwenye mzigo, maana fundo la nje ni zawadi kwa kibaka. Ya pili: aliyefunga ndiye anayekata, tena akiwa amesimama kwa miguu yake, anauona mzigo unaangukia wapi. Sheria nzuri kabisa. Ndizo zilizoniponza.

Asubuhi Shomari akanipitia. Huyu ni mtoto wa marehemu mdogo wangu Zuhura, mtu mzima, ndevu mpaka kifuani, lakini mbele yangu bado anaongea kama anaomba ruhusa ya kwenda kucheza. Tukaenda moja kwa moja kwenye duka la baiskeli la Masanja, mtaa wa nyuma ya Msimbazi.

Masanja ni Mnyamwezi. Mimi Mzaramo. Nadhani nimeshaeleza yote.

"Mtani!" akapiga kelele mtaa mzima ukageuka. "Leo unajinunulia mwenyewe? Nikufungie matairi manne, au mawili yatakubeba?"

"Funga hayohayo mawili, Masanja. Wa kwanza kugongwa utakuwa wewe."

Akazitoa. Jamani, zinapendeza! Ya Kulwa nyekundu, ya Dotto ya bluu, vikapu mbele, kengele zinang'aa. Kigari cha Shomari hakina keria juu, bati tupu. Nikasema haidhuru. Nikafungua furushi langu, nikatoa khanga chakavu, nikazisokota ngata nne kubwa. Gari nalo ni kichwa tu, na kichwa kikibeba mzigo kinataka ngata. Nikazipanga juu ya bati. Baiskeli zikalazwa juu yake, moja imeelekea mbele, nyingine nyuma, na katikati yao nikasokomeza mto ili chuma kisisuguane na chuma. Usukani nikauvika khanga, pedali nikazivika khanga. Hata Masanja alinyamaza kidogo. (Masanja kunyamaza ni kama ng'ombe kupiga chafya. Unasimama, unatazama.)

Halafu akaharibu. Akasema:

"Mtani, fungua milango yote kwanza. Kamba ipite mlangoni, ndipo ufunge milango. Usiipitishe dirishani."

"Kwa nini?"

"Ukipitisha dirishani mtalala humohumo!" Akacheka mpaka akashika meza.

Sasa nawauliza mimi: ushauri wa mtani unaupokeaje? Huyu ndiye Masanja aliyekuja kwenye msiba wa mume wangu, Mzee Kondo, Mungu amrehemu, akavaa kofia ya marehemu, akakalia kiti cha marehemu pale mlangoni, akawaambia waombolezaji, "Mimi ndiye Kondo, nimerudi, chai yangu iko wapi?" Hakuondoka mpaka tulipompa kuku mzima. Mtu wa namna hiyo akikwambia fungua mlango, wewe unafunga. Akikwambia dirisha baya, unajua dirisha ndiyo njia.

"Nimefunga marobota wewe ukiwa unachunga mbuzi Urambo," nikamwambia. "Tupa kamba!"

"Mama mkubwa," Shomari akaanza, "labda tungemsikiliza..."

"Shomari, ingia kwenye gari."

Akaingia. Nami nikaingia kiti cha nyuma, nikakaa katikati, milango ikafungwa, vioo tukavishusha. Maana fundo litakaa wapi? Karibu na tumbo la mwenye mzigo! Sheria ya kwanza. Masanja akawa anazunguka gari anaturushia kamba ya manila, inaingia dirisha la kulia, inatoka la kushoto, inapanda juu ya baiskeli, inarudi. Mbele zamu ya Shomari kuipokea, nyuma zamu yangu.

"Shika, mtani!"

"Tupa!"

"Zungusha tena?"

"Zungusha, robota halihesabiwi mizunguko!"

Nikaikanyaga kwa miguu yote miwili, nikaivuta mpaka bati likalia, nikapiga fundo la robota. La mbele nikajipenyeza katikati ya viti, nikalipiga mwenyewe pia. Masanja akashika baiskeli kwa nje akazitikisa. Gari zima likatikisika. Baiskeli hazikusogea hata unywele.

"Mtani, hapa nimekubali," akasema. "Nenda salama. Mkishafika, mnipigie mniambie mmetokaje."

Nilidhani amekosea kusema. Nilidhani anataka kusema tumefikaje.

Tukaondoka. Jamani, raha! Kila shimo kengele zinalia, kring, kring. Upepo unazungusha magurudumu juu ya vichwa vyetu kama feni. Wamachinga wanatupisha, mmoja anaita, "Bibi, hizo baiskeli zimeolewa?" Namjibu, "Zimeolewa, mahari huna!" Nilijiona malkia. (Kicheko cha mapema hicho. Mama yangu alikuwa anakikataza.)

Pale kituo cha Fire, askari wa barabarani akanyoosha mkono. Msichana mrefu, mavazi meupe yamepigwa pasi yanakata. Akatusogelea.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Dereva, shuka tuuangalie huo mzigo."

Shomari akavuta komeo. Akasukuma mlango. Mlango ukasogea kama unene wa sarafu, ukarudi. Akasukuma kwa bega. Baiskeli juu zikalia kring.

"Dereva, nimesema shuka."

"Afande, nataka kushuka."

"Sasa?"

"Mlango haufunguki, afande. Umefungwa na kamba."

Nami kimyakimya nikajaribu wa kwangu wa kulia. Kring. Nikajaribu wa kushoto. Kring. Hapo ndipo maneno ya Masanja yakanirudia moja moja, kama watu wanaochelewa msibani. Kamba imeingia madirishani, imekatiza ndani juu ya vichwa vyetu, imezunguka dari na fremu za milango yote minne. Sikuwa nimefunga baiskeli kwenye gari. Nilikuwa nimefunga baiskeli, gari, Shomari na mimi mwenyewe. Robota moja.

Yule binti akazunguka gari. Akazishika baiskeli, akazivuta, akaning'inia kidogo. Akainama dirishani, midomo inamcheza.

"Bibi, mzigo umefungwa vizuri sana. Sijaona uliofungwa hivi. Nyinyi ndio nawaulizia."

"Sisi tunakwenda Magomeni, mwanangu. Hatuna haja ya kushuka hapa."

"Mkifika mtashukaje? Bibi, hii ni hatari. Nikuletee kisu tukate?"

Mnajua saa ile ningeweza kusema ndiyo. Nikaona kamba imekatwa barabarani, baiskeli ziko chini kwenye vumbi, adhuhuri imeshaadhiniwa, Kulwa na Dotto wanakaa mkekani, mlangoni hakuna kitu, na Bi Shamsa ananyoosha kidole chake chenye pete. Nikasema:

"Aliyefunga ndiye anayekata, akiwa amesimama. Mimi nimekaa."

Akanitazama. Akamtazama Shomari. Akasema, "Endesha polepole, na mkifika tu, hiyo kamba itoeni. Msirudie." Akageuka haraka, mabega yanamtikisika. Namshukuru kwa kugeuka. Wengine baadaye hawakugeuka.

Kufika bonde la Jangwani nilikuwa napambana na fundo. Halikutaka. Fundo la robota kadri unavyolisumbua linajikaza, ndiyo kazi yake, na gari likiruka linajikaza zaidi. Nikatumia meno. (Meno niliyobaki nayo yana shughuli nyingine, nikayaheshimu, nikaacha.)

"Mama mkubwa," Shomari akasema, "Masanja alituambia."

"Shomari, tazama barabara."

Tukafika Magomeni. Turubai limepigwa, mikeka imetandikwa, ubani unafuka, wanawake wamejaa mpaka barazani kwa jirani. Kulwa na Dotto wamevaa meupe kama njiwa. Wakaziona. Lo! Ile sauti waliyoitoa, hata mkinicheka miaka mitano, ile sauti ninayo. "Bibi kaleta! Bibi kazileta!" Wakaanza kurukaruka, vigelegele vikapigwa, na Bi Shamsa akaja mbele, amejipamba, ametoa mkono kunifungulia mlango kwa heshima zote kama mgeni rasmi.

Akavuta. Kring.

Akavuta tena kwa mikono miwili. Kring, kring.

Vigelegele vikakatika kimoja kimoja.

"Dada Mwanahawa, umejifungia?"

"Sijajifungia. Nimefunga."

Shomari akaona aibu itamwagika, akatoa kichwa dirishani, mabega, akajipinda, akateleza nje kama mjusi. Watu wakapiga makofi. Kisha wote wakanigeukia mimi.

Mimi si mjusi. Mnanijua. Mungu amenijalia.

"Leteni kisu," akasema Bi Shamsa. "Kateni kamba, mwokoeni bibi wa watu."

"Asiguse mtu kamba yangu! Ukikata sasa, baiskeli zinawaangukia watoto hao waliosimama hapo. Aliyefunga ndiye anayekata, naye awe amesimama!"

"Basi simama!"

"Nisimame wapi, Shamsa, juu ya kiti?"

Ustadhi Juma, mwalimu wao wa chuo, akakohoa mkekani. Kulwa akasema hasomi mpaka bibi yake akae. Dotto akasema na yeye hasomi. Nikatazama dirisha. Dirisha likanitazama. Nikasema, bismillahi, nikatoa kichwa.

Kichwa kilipita. Mabega yalipita kwa tabu. Mkono wa kulia akaudaka Hadija jirani yetu, wa kushoto akaudaka Mwajuma (huku simu ameishika kwa mkono wa pili, ndiyo maana video inatikisika). Wakavuta. Nikafika kiunoni. Nikakwama.

Nusu yangu iko Magomeni, nusu yangu iko kwenye gari.

Hapo umati ukapasuka, akapita Bi Tatu. Wengi wenu amewapokea yeye, mkunga mstaafu, mikono yake imezalisha nusu ya mtaa huu. Akakunja mikono ya baibui yake. Akawasukuma Hadija na Mwajuma pembeni.

"Msimvute hivyo, mtamtegua. Kichwa kimeshatoka, mabega yametoka, kazi kubwa imekwisha. Mwanahawa, pumua."

"Tatu, usinianze."

"Pumua nimekwambia! Usisukume mpaka nikwambie. Shomari, ingia humo ndani kwa dirisha la upande wa pili, umsukume miguu. Haya... sasa! Sukuma, Mwanahawa, sukuma!"

Nikasukuma. Kring! Kring! Kengele zote mbili juu ya kichwa changu. Na hapohapo Dotto, mtoto niliyekuwa naamka kumpikia uji kila alfajiri, akauliza kwa sauti inayosikika mpaka Kagera:

"Bibi anazaliwa?"

Nilitoka. Nilitoka kwa mkupuo mmoja, kiatu kimebaki ndani, nikaangukia kifuani kwa Bi Tatu, naye akanipokea vizuri sana, sina malalamiko, kazi yake anaijua. Na Bi Shamsa, yule mkwe mwenzangu mwenye roho nzuri, akainua mikono akatangaza:

"Mtoto wa kike!"

Vigelegele vilivyopigwa hapo, harusi ya Asha haikuvipata. Waliocheka mpaka kukaa chini ni Hadija, Mwajuma, Seif, na Ustadhi Juma, aliyejifunika uso kwa kitabu cha dua akidhani sijamwona. Majina ninayo.

Nikavuta baibui yangu. Nikasimama kwa miguu yangu, mmoja una kiatu, mmoja hauna. Nikasema:

"Mmemaliza? Sasa niko chini. Nani anataka kuifungua kamba hiyo kwa mikono? Karibuni."

Seif akajaribu, na misuli yake yote. Akashindwa. Bi Shamsa akaingiza kucha. Kucha ikavunjika. Ndipo nikasema nileteeni kisu, nikampanga Shomari, aliyeshateleza nje tena, upande huu na Seif upande ule washike mzigo, na nikakata mwenyewe, pembeni ya fundo, kamba ya nyuma kisha ya mbele. Baiskeli zikashushwa kama mayai. Nikazivua khanga moja moja.

"Shamsa," nikamwambia. "Kidole."

Akazunguka. Watu wote wakamfuata kwa macho, hata watoto. Akapitisha kidole kwenye nyekundu, akapitisha kwenye ya bluu, akainama akatazama chini ya pedali, akatazama nyuma ya kikapu. Akanyanyuka.

"Hazina mkwaruzo."

"Sema kwa sauti."

"Hazina mkwaruzo, dada Mwanahawa! Wallahi, hata mmoja."

Mikwaruzo ninayo mimi. Miwili kiunoni, mmoja kwenye kiwiko. Nimepaka mafuta ya nazi.

Baiskeli zikasimamishwa mlangoni, wajukuu zangu wakakaa mkekani wanazitazama kwa jicho la pembeni, na wakasoma, jamani, wakasoma kwa sauti moja bila kukosea hata herufi, mpaka Ustadhi Juma akafuta macho. (Safari hii ilikuwa machozi ya halali.) Nilikaa mbele kabisa, kiatu kimoja, nikalia na mimi. Mwajuma hilo hakulirekodi.

Jioni simu ikaita. Masanja. Video imeshafika Kariakoo kabla mimi sijala.

"Mtani! Hongera, nasikia umezaliwa salama. Mtoto ana kilo ngapi?"

"Masanja, kwa nini hukuniambia vizuri?"

"Nilikwambia kwa Kiswahili, mtani!"

"Uliniambia ukicheka. Siku ukitaka nikuamini, nikasirikie kwanza."

Kwa hiyo nyinyi wenye magari, nawaambia bila kucheka, ili muamini: mweke ngata, mfunike chuma kwa nguo, mfungue milango ndipo mpitishe kamba. Na huo ndio msaada wangu kwenu leo. Sasa pelekeni video mnakotaka. Lakini lile fundo nimelichukua, zima kama nilivyolipiga, nimelitundika kwenye msumari hapa ukutani juu ya kitanda changu. Anayetaka kunicheka, mlango wangu uko wazi. Aingie, alifungue kwanza. Akishindwa, atatokea dirishani.